Zamu ya Sala chini ya Mlima Rungwe

Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland, yakiongozwa na Jenerali Edward Northey, yaliingia Neu-Langenburg, boma la Wajerumani ambalo leo tunaliita Tukuyu. Wajerumani walikuwa wameshaondoka wakirudi nyuma kuelekea kaskazini. Kwa mkulima wa Rungwe kubadilishwa kwa bendera pale bomani lilikuwa jambo la wakubwa. Kilichomgusa ni kilichofuata. Wamisionari wa Moravian, waliokuwa wameishi chini ya mlima huu kwa miaka 25, walichukuliwa kama raia wa nchi adui wakahamishwa. Shule zikabaki mikononi mwa waalimu wa vijijini. Makanisa yakabaki bila mchungaji, kwa kuwa hakuna Mwafrika hata mmoja wa eneo hili aliyekuwa amewekewa mikono.

Ilikuwa miaka mibaya. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, chakula kilikusanywa kulisha vita, na mwishoni mwa 1918 homa kuu ya mafua iliyoizunguka dunia ikafika Afrika Mashariki. Kanisa changa, lenye waumini waliobatizwa juzijuzi, lingeweza kusambaratika kirahisi. Halikusambaratika. Waalimu wale waliendelea kugonga kengele asubuhi, kuwafundisha watoto kusoma, kuwatembelea wagonjwa na kuwazika wafu. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, kutoka ng'ambo ya Mto Songwe, walipopewa jukumu la kuliangalia eneo hili walikuta shirika zilizo hai, na zilikuwa hai bado Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Vitabu vingi huipita miaka hiyo kumi haraka, kana kwamba ilikuwa pengo tu kati ya wamisionari walioondoka na wamisionari waliorudi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo miaka inayotueleza zaidi Ukristo wa Rungwe ni kitu gani. Ukristo ambao ungekuwa umejengwa juu ya mimbari peke yake ungekufa pale mimbari ilipokosa mtu. Huu ulikuwa umeingia majumbani. Watu walikuwa na aya ya kuianza siku, saa ya kusali, njia ya kupatana na jirani kabla ya Meza ya Bwana, na namna ya kumsindikiza marehemu. Mambo hayo yote hufanyika bila joho.

Desturi hizo zilikuwa zimetoka mbali. Mwaka 1415 Jan Hus, padri na mwalimu wa chuo kikuu cha Praha, alichomwa moto akiwa hai kwa kukataa kukana mafundisho yake. Mwaka 1457, katika kijiji cha Kunvald huko Bohemia, baadhi ya waliofuata njia yake walianzisha Umoja wa Ndugu. Walitaka kuishi Injili kwa matendo, kwa nidhamu ya nyumbani na ya kijiji, na hawakuona faida ya mabishano ya wasomi. Waliteswa karne hadi karne mpaka wakabaki kundi dogo la kujificha. Mwaka 1722 wakimbizi wao kutoka Moravia, ambako jina la kanisa lao limetoka, walivuka mpaka wakaingia Saxony na kupewa hifadhi katika shamba la kijana mmoja wa ukoo wa kitajiri, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliyekuwa na miaka 22. Hapo wakajenga kijiji cha Herrnhut.

Kijiji kile cha watu wa Mungu kiligombana vibaya. Walikuja watu wa kila namna, kila mmoja na msimamo wake, na kufikia 1727 wakazi wake wapatao 300 walikuwa wamegawanyika kiasi cha kuitana majina mabaya. Zinzendorf akaacha kazi yake ya serikali mjini Dresden, akapita nyumba kwa nyumba kusikiliza na kusuluhisha. Mwezi Mei wakatia saini mapatano ya kuishi kidugu. Tarehe 13 Agosti 1727 wakaenda pamoja katika kanisa la kijiji jirani cha Berthelsdorf kushiriki Meza ya Bwana, na huko wakapatana kwa machozi. Walipotoka hawakutaka kuachana. Wakabaki katika vikundi vikundi wakizungumza, na Zinzendorf akawapelekea chakula kutoka jikoni kwake ili wasilazimike kutawanyika. Ndiko ilikoanzia karamu ya upendo.

Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Agosti, wanaume 24 na wanawake 24 walijigawia saa za mchana na usiku, kila mtu na saa yake ya kusali, ili isipite saa yoyote bila mtu wa Herrnhut kuwa mbele za Mungu. Wale walikuwa wafumaji, maseremala, washonaji na akina mama wenye watoto. Kila mmoja alisali alipokuwa, saa ikiisha akaendelea na kazi yake. Zamu ile haikukatika kwa zaidi ya miaka 100. Na jioni ya tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf aliwapa ndugu neno moja fupi la kuwaongoza kesho yake, ambalo asubuhi lilipelekwa kwa mdomo katika nyumba zote 32 za kijiji. Tangu 1731 maneno hayo yamechapwa kitabu kila mwaka, na hakuna mwaka uliorukwa. Mpaka leo aya za Agano la Kale huchaguliwa kwa kura huko Herrnhut, kutoka katika mkusanyiko wa aya zaidi ya 1,800, miaka mitatu kabla ya kutumika. Aya za Agano Jipya huchaguliwa na mhariri ili zilandane nazo. Kitabu hicho hutoka kwa lugha zaidi ya 50.

Watu wa namna hiyo ndio waliofika Rungwe mwaka 1891. Tajiri mmoja wa mji wa Breslau alikuwa ameacha wosia wa fedha kwa ajili ya kazi ya Injili katika Afrika ya kati, iliyokuwa ikiumizwa na biashara ya utumwa, na Herrnhut ikakubali mzigo huo. Walitumwa wanne: Theodor Meyer, Theophil Richard, Johannes Häfner na Georg Martin. Walipanda kwa njia ya Zambezi na Shire, wakapita Ziwa Nyasa, wakapokewa na Waskoti waliowatangulia. Homa ikawangojea njiani. Georg Martin alifariki mwaka huohuo. Waliobaki wakajenga kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 3,000, mahali penye baridi, maji safi na ukungu unaoshuka mpaka mlangoni. Ndani ya miezi michache Wamisionari wa Berlin nao, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakafungua vituo vyao mashariki mwao. Kutoka huko limekuja Kanisa la Kilutheri la leo, Dayosisi ya Konde, yenye makao makuu yake hapohapo Tukuyu.

Walihubiri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu waliwapokea kwa heshima, wakafanya nao kazi na kupeana zawadi, lakini hawakubatizwa. Ubatizo wa kwanza ulifanyika 1897, miaka sita baada ya kufika, na aliyebatizwa alikuwa mwanamke, Fiabarema, akapewa jina la Numwagile. Napenda kila mtoto wa kipaimara wa Rungwe alijue jina hilo kabla hajajua majina ya Wajerumani wanne. Katika nchi iliyokuwa ya machifu, wazee na ng'ombe wa mahari, aliyetangulia kuchukua njia hii hadharani alikuwa mama.

Kwa nini watu walichelewa? Sababu moja ni kwamba Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, hawakuwa watu wasio na ibada. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapa pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliandika vitabu vizito juu ya jambo hilo, na mtu yeyote anayedhani kwamba sala ilikuja na meli avisome. Palikuwa na msitu wa Lubaga, karibu na Tukuyu, makao ya Lwembe, aliyeombwa mvua na rutuba. Palikuwa na matambiko ya ukoo wakati wa mazishi, uzazi, pacha na kuvunja ungo. Na palikuwa na sharti ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: huwezi kuomba ukiwa na kinyongo. Ndugu waliokutana kwa ajili ya tambiko walitakiwa kwanza kutoa ya moyoni. Aliyemkasirikia nduguye aliyasema wazi, mbele ya wote, hata kama yalikuwa ya miaka mingi, kisha maji yakapulizwa kinywani kuonyesha kwamba hasira imetoka. Aliyejifanya hana neno huku ana neno ndiye aliyehesabiwa kuwa hatari, maana hasira iliyofichwa iliaminiwa kuleta ugonjwa katika nyumba.

Sasa tazama walichokuja nacho wageni. Kwa utaratibu wa kale wa Wamoravian, siku chache kabla ya Meza ya Bwana kila mshirika alizungumza na mzee wa kanisa, mmoja mmoja: je, una amani na Mungu, una amani na mwenzio? Wenye ugomvi walipatanishwa kwanza. Kanisa lao lilikuwa limezaliwa upya kutokana na upatanisho wa 13 Agosti, na hawakulisahau hilo. Kwa hiyo mzee wa Kinyakyusa aliyeingia kanisani hakukuta agizo geni. Alikuta jambo alilolifahamu tangu utoto, likiwa na Bwana mpya.

Kulikuwa na kufanana kwingine, ambako sidhani kama wamisionari wenyewe walikutambua mapema. Huko Herrnhut waumini waligawanywa kwa rika na hali: watoto, vijana wa kiume, mabinti, waliooana, wajane. Kila kundi lilikutana peke yake, likalea watu wake na kusali pamoja, na vijana wa kiume walikuwa hata na nyumba yao ya kuishi. Na Wanyakyusa je? Ni watu waliojulikana na wasomi wa dunia nzima kwa vijiji vyao vya marika. Mvulana wa miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala kwa wazazi, akajenga na wenzake vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakazunguka pamoja kula kwa mama wa kila mmoja wao kwa zamu. Walikua pamoja, wakaoa, wakazeeka katika kijiji kimoja. Kula, kunywa na kuzungumza na wenzako, yaani ukwangala, kulikuwa fadhila kubwa kuliko kujitajirisha. Wilson alikiita kitabu chake cha 1951 kwa wazo hilo. Ukienda leo katika ushirika wowote wa Moravian wilayani Rungwe utakuta idara ya akina mama, ya vijana, ya watoto, kila moja na siku yake ya kukutana na kwaya yake. Utaratibu huo umetoka Ulaya, lakini umekaa vizuri hapa kwa sababu kiti chake kilikuwepo.

Haya hayakutokea bila maumivu. Wakristo wa kwanza wengi walihamia kuishi karibu na misheni, katika vijiji vyenye kanuni za wamisionari, na kwa kufanya hivyo waliacha rika lao. Pombe ya pamoja, ngoma na mazishi ya kimila yaliwekewa mipaka. Mtu mwenye wake wengi aliambiwa abaki na mmoja. Sijasoma maelezo ya kunishawishi kwamba hilo lilikuwa jema kwa wanawake walioachwa na watoto wao. Nidhamu ya kiroho inayomwacha mama mlangoni na mzigo wake kichwani imepotea njia, hata ikiwa na aya za kuitetea. Baadhi ya wamisionari waliliona hilo. Traugott Bachmann, aliyekaa Mbozi tangu 1899 hadi vita, alianza kwa kupambana na mila na akaishia kujifunza kwa Wanyiha, akaziruhusu nyingi alizokuwa amezipiga vita. Wengine hawakubadilika. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, kama African National Church lililowapokea wenye wake wengi, yalipata wafuasi Rungwe. Watu wale walitaka kusali, ila walikataa kuambiwa kwamba sharti la kusali ni kuvunja nyumba.

Katika kazi za mikono hapakuwa na ubishi mkubwa. Herrnhut ilikuwa kijiji cha mafundi, na kwao ibada na kazi havikutenganishwa. Hapa wakafyatua na kuchoma matofali, wakafundisha useremala, wakapanda miti. Kule Kyimbila, karibu kabisa na Tukuyu, alikaa Adolf Stolz, mmisionari aliyesimamia biashara na kilimo na ambaye katika saa zake za ziada alikusanya mimea ya milima hii kwa uangalifu wa ajabu. Sampuli zake zilikwenda kwenye majumba ya sayansi ya Ulaya, na mimea mingi imepewa jina lake, ikiwemo jamii nzima ya okidi ndogo zinazoota juu ya miti, Stolzia. Kuna watu humwona Mungu kwa kufumba macho. Stolz, kwa jinsi alivyofanya kazi, naamini alimwona kwa kuyafumbua. Kyimbila ndiko pia ambako chai ilipandwa mwaka 1904, miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa nchini, na leo mashamba ya chai yamefunika vilima vinavyouzunguka mji.

Waalimu waliobaki na kanisa mwaka 1916 walikuwa wamelelewa katika mchanganyiko huo wote. Walikuwa watoto wa vijiji vya marika, waliofundishwa kusoma kwa Kinyakyusa chao wenyewe, waliozoea kuamka na neno na kwenda shambani. Hawakuruhusiwa kutoa sakramenti, lakini kumfundisha mtu kusali hakuhitaji kibali. Waafrika wa kwanza wa jimbo hili walikuja kuwekewa mikono katika miaka ya 1930, na ilipofika Vita vya Pili vya Dunia wamisionari Wajerumani waliondolewa tena. Safari hii hakuna aliyeuliza kama kanisa litasimama. Mwaka 1966 Teofilo Kisanji, mtu wa upande wa Tabora, akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Moravian nchini. Chuo kikuu chenye jina lake kilichoko Mbeya kinajulikana kwa kifupi kama TEKU. Leo Tanzania ndiyo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani. Herrnhut, kijiji kilichowatuma wale wanne, ni mji mdogo kuliko Tukuyu.

Lakini hesabu za waumini si habari niliyotaka kuisimulia. Nataka tukae kidogo na mwaka wenyewe wa Mmoravian wa Rungwe, jinsi unavyozunguka.

Siku inaanza na neno. Katika nyumba nyingi kitabu cha neno la siku kinakaa mahali pa wazi, juu ya kabati la vyombo au kando ya redio, kimekunjwa pembe kwa kushikwa. Kabla ya watu kutawanyika mtu mmoja anasoma, mara nyingi mtoto anayejifunza kusoma kwa sauti. Aya ya Agano la Kale, aya ya Agano Jipya, ubeti wa wimbo, sala fupi. Moto umeshawashwa, chai ya maziwa inachemka, ndizi au magimbi ya jana yanapashwa. Dakika tano, pengine hazifiki. Kisha mama anakwenda kuchuma chai au kukata ndizi za kupeleka Kiwira barabarani, watoto wanashuka njia ya shule na masweta yao. Ubora wa desturi hii ni udogo wake: haimdai mtu muda asio nao. Aya ileile, asubuhi ileile, inasomwa Herrnhut, Jamaika, Nicaragua, Suriname na Afrika Kusini, na ndugu wa damu walio Dar es Salaam au Mbeya wanaweza kuulizana jioni kwa simu: umelisikiaje neno la leo?

Kuna zamu ya sala. Ile ya 1727 ilikoma baada ya zaidi ya karne, lakini mwaka 1957, Kanisa lilipotimiza miaka 500, Sinodi ya Umoja iliyokutana Bethlehem, Pennsylvania, iliamua kuirudisha kwa sura mpya: majimbo yote ya dunia yagawane siku za mwaka, ili daima pawepo jimbo linalosali. Zamu ya jimbo inapofika, shirika zinagawana siku, na watu wanagawana saa. Mtu wa saa nane usiku huamka katika baridi ya Tukuyu, ambayo si ya mchezo, hujifunga kanga au blanketi, na kuwaombea watu wa visiwa asivyovijua. Saa ikiisha anajua kuna mwenzake ameshaamka. Hapa ndipo zamu inaposhinda bidii ya mtu mmoja. Ukisali peke yako, siku ukichoka hakuna anayejua. Ukiwa na zamu, kuna mtu anakutegemea.

Juma la Mateso lina utaratibu wake. Kila jioni, kuanzia Jumapili ya Matawi, watu hukusanyika kusomewa habari za siku za mwisho za Yesu, siku kwa siku, kama zilivyofuatana, bila mahubiri marefu. Ni ibada ya masikio. Mtu asiyejua kusoma na profesa wanakaa benchi moja wakisikiliza habari ileile, kwa mfululizo uleule ambao bibi zao waliusikia.

Halafu Pasaka. Siku moja au mbili kabla, watu hupanda makaburini na majembe na mapanga kufyeka nyasi na kusafisha. Pasaka kwetu huangukia masika, na mvua za Tukuyu ni miongoni mwa kubwa kabisa nchini, kwa hiyo majani huwa yamepanda hadi kiunoni na udongo unashika mguu. Usiku wa kuamkia Jumapili matarumbeta hupita yakiwaamsha watu. Kungali giza watu wanatoka na miavuli na mabuti, wazee wakishikwa mkono kwenye utelezi, mpaka makaburini. Huko wanakiri imani yao katikati ya wafu wao, wakiwakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita, huku mwanga ukifunguka juu ya migomba. Herrnhut ilianza kufanya hivyo mwaka 1732. Wanyakyusa, ambao kwao mazishi daima yalikuwa tukio kubwa kuliko yote, na ambao waliwazika wapendwa wao karibu na nyumba, waliipokea asubuhi hii kwa moyo wote. Sijui mahali ambapo imani ya ufufuo inasemwa kwa ujasiri zaidi kuliko pale ambapo msemaji amesimama hatua mbili kutoka kaburi la mwanawe.

Na inapofika Agosti, karamu ya upendo. Watu wanakaa kwenye mabenchi kanisani, wanaimba, na mikate au maandazi yanapitishwa mstari kwa mstari, na vikombe vya chai iliyotiwa maziwa na sukari. Hakuna meza kuu. Mwenye gari na mwenye jembe wanapokea kikombe cha ukubwa mmoja. Hii si Meza ya Bwana, na mtoto asiyebatizwa naye anapewa. Inafanyika kwa kumbukumbu ya jikoni kwa Zinzendorf, lakini mzee wa Kinyakyusa anaweza kukuambia kwamba kula pamoja ndiyo ubinadamu wenyewe, na hakuhitaji Mjerumani amfundishe hilo.

Hayo yote yana adui siku hizi, na adui huyo amevaa mavazi ya kidini. Maombezi ya usiku mmoja yenye vipaza sauti na ahadi ya gari, nyumba na mume yamejaa miji yetu, Tukuyu haikusalimika. Vijana wanayakimbilia kwa sababu wanaumia, na siwalaumu. Lakini najua pia kwamba kinachomvusha mtu miaka mibaya ni kile alichokizoea katika miaka ya kawaida: aya ya asubuhi, saa ya zamu, jirani aliyepatanishwa naye. Miujiza ikichelewa, hivyo vinabaki. Wakatoliki, jirani zetu, walilielewa hilo walipozijenga jumuiya ndogondogo katika miaka ya 1970, watu wachache wakisoma Neno nyumbani kwa mmoja wao. Walutheri nao wana jumuiya zao. Tofauti za madhehebu hapo ni ndogo kuliko tunavyozikuza.

Imebaki desturi moja ambayo inatutoka mikononi, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wamoravian wa kale walitakiwa kuandika habari za maisha yao wenyewe kabla ya kufa: nilizaliwa wapi, nilianguka wapi, Mungu alinishikaje. Habari hiyo ilisomwa siku ya mazishi. Ilikuwa nidhamu ya kiroho kama sala, kwa maana mtu alilazimika kuyatazama maisha yake bila kujipamba. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Utengule aliyeandika kwa kina juu ya Wasafwa, alikuja na desturi hiyo, akakaa na wanawake wa nyanda hizi waliokuwa wameonja utumwa, Narwimba na Chisi, akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia. Mwanahistoria Marcia Wright aliyafufua maandiko hayo, na leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanawasoma mabibi hao wawili ili kujua utumwa ulimfanyia nini mwanamke wa Afrika ya kati. Bila daftari lile wangekuwa wamepotea.

Sisi tumebaki na wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, aliugua, ameacha watoto saba. Unaandikwa usiku wa msiba na mjukuu mwenye haraka, na kusomwa kwa dakika tatu. Watu walioshika zamu ya saa nane usiku kwa miaka 40, mama waliofundisha vijiji vizima kusali kwa Kinyakyusa, wanazikwa na tarehe nne na orodha ya watoto. Wengi wao bado wapo, Masoko, Mwakaleli, Isange, Kiwira, Masukulu, wanaota moto na akili timamu. Ewe kijana wa Rungwe mwenye simu inayorekodi sauti, nenda kwa bibi yako wiki hii, kabla ya masika. Muulize alianza lini kusali na nani alimfundisha, na uandike anavyosema, kwa lugha yake, naye akiwa hai ausikie wasifu wake ukisomwa.